Injini za glo zazimika angani, biashara yahamia kwenye betri

Na Mwandishi Wetu

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, duka la ndege za mfano nchini Marekani au Uingereza ulilitambua kwa pua kabla ya kusoma kibao chake. Ilikuwa harufu ya methanoli iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo, yale yale ambayo wazee wetu walitunywesha kusafisha tumbo. Madumu ya galoni moja moja yalipangwa karibu na mlango, plagi zilining'inia juu ya kaunta, na nyuma ya kioo zilipangwa injini ndogo za aluminiamu zisizozidi ngumi ya mtu mzima. Leo maduka mengi ya namna hiyo yamefungwa. Yaliyobaki yanauza betri, mota za umeme na ndege za povu ambazo mteja huzifungua kwenye boksi asubuhi na kuzirusha mchana.

Msomaji anaweza kuuliza, mambo ya vindege vya rimoti yanamhusu nini mfanyabiashara wa Namanga au dereva wa lori anayesubiri zamu Rusumo. Yanamhusu kwa sababu moja. Biashara hii ndogo imekwisha kuipita njia ambayo pikipiki zetu ndiyo kwanza zinaianza, yaani kutoka injini ya kuchoma mafuta hadi mota ya betri, na imeipita mwanzo hadi mwisho kwa muda wa miaka 20 tu. Mtu anaweza kuitazama yote na kuhesabu nani alipata, nani alipoteza, na mzigo wa hatari ulihama kutoka kasha gani kwenda kasha gani.

Injini inayokunywa kuliko ukubwa wake

Ndege zinazozungumziwa hapa si midoli ya plastiki. Ni ndege zenye mabawa ya mita moja hadi mbili, huongozwa kwa redio, na mwenyewe hutumia majira mazima ya baridi kuzijenga kwa mbao laini za balsa. Injini zilizozoeleka zilikuwa za ujazo wa inchi 0.40 hadi 0.60, ambao ni kama sentimita za ujazo 6.5 hadi 10. Nyingi zilikuwa za silinda moja na mipigo miwili, kama zile pikipiki za zamani za kuchanganya oili na petroli.

Upekee wake ni plagi. Wenye magari ya dizeli wanaijua hita plagi, ile inayopasha chumba cha moto asubuhi ya baridi kisha ikazimwa. Plagi ya glo ni ndugu yake, ila waya wake mwembamba una platini. Unaipasha kwa betri ndogo ya volti 1.5 wakati wa kuwasha, injini ikishika unachomoa betri na kuiacha chini. Mvuke wa methanoli ukigusa platini huendelea kuufanya waya uwe mwekundu, na injini inaendelea kujiwasha yenyewe bila koili wala pointi. Ndiyo maana ilipendwa. Kabla ya mwaka 1947, Mmarekani Ray Arden alipoiingiza sokoni plagi hiyo, ndege ya mfano ilibidi ibebe koili, kapasita na betri ili kupata cheche. Plagi ya glo ikaitoa betri ndani ya ndege, na injini za cheche zikafa kwa miaka michache. Zaidi ya nusu karne baadaye betri ilirudi ndani ya ndege, na safari hii ikaiua plagi.

Mafuta yake hayanunuliwi kituo cha petroli. Sehemu kubwa ni methanoli, oili ni kama asilimia 18 hadi 20, na nitromethini ni asilimia 5 hadi 15 kwa ndege za kawaida. Warusha helikopta walikwenda hadi 30. Kilo moja ya methanoli ina nishati ya megajuli 20 hivi, wakati petroli ina karibu 44, kwa hiyo injini lazima inywe mafuta mengi zaidi kupata kazi ile ile. Injini ya 0.40 hutafuna tangi la mililita 240 kwa takribani robo saa. Galoni moja ya Kimarekani, lita 3.8, inatoa miruko kama 16.

Hesabu hiyo ya miruko 16 ndiyo iliyokuwa mshahara wa mwenye duka. Mtu anayeruka mara tano kila mwisho wa wiki anamaliza galoni kwa wiki tatu, kisha anarudi. Akirudi kufuata mafuta anachukua na plagi mbili, propela badala ya ile aliyoivunja, mpira wa bomba la mafuta, na pengine anaiona ndege mpya inayoning'inia darini. Injini yenyewe, uzito wake nusu kilo pamoja na eksozi, huuzwa mara moja kwa miaka kadhaa. Faida ya kudumu ilikuwa kwenye dumu.

Sheria ya hatari ilikuwa ukuta wa duka

Hapa kuna jambo ambalo wachambuzi wengi wa hobi hii hulipita, na mwandishi wa makala hii analiona ndilo kiini. Methanoli ni mzigo wa hatari wa daraja la 3, nambari yake ya Umoja wa Mataifa ni UN1230, na pamoja na kuwaka inahesabiwa kuwa sumu. Nitromethini ina nambari yake, UN1261. Vitu hivi huvipeleki posta. Mafuta yalisafiri kwa lori katika makasha ya galoni nne nne, yenye alama na karatasi zake, na aliyeagiza kwa simu kutoka duka la mbali alilipishwa nyongeza ya mzigo wa hatari ambayo ilimaliza punguzo lote alilopewa. Kwa hiyo mteja, apende asipende, alikwenda duka la mjini kwake.

Kwa lugha ya biashara, kanuni za usafirishaji zilikuwa ukuta wa kumlinda muuzaji wa rejareja, na wenye maduka walikuwa hawaujui. Waliamini wateja wanarudi kwa sababu ya urafiki na ushauri, na ni kweli ushauri ulikuwapo: kulegeza na kukaza sindano ya kabureta hadi injini ipate sauti sahihi ni kazi ambayo mgeni hufundishwa na mkongwe kwa wiki kadhaa. Lakini urafiki ulikuwa umesimama juu ya dumu la mafuta. Dumu lilipoondoka, ulionekana ulivyokuwa mwembamba.

Vitu vitatu viliungana

Ndege za mfano za umeme hazikuanza jana. Tatizo lake la zamani lilikuwa uzito. Betri za nikeli na kadmiamu zilitoa volti 1.2 kwa seli na zilikuwa nzito kama matofali, na mota zilikuwa za kaboni, zile kaboni ambazo fundi wa stata ya gari huzibadilisha zikiisha. Ndege iliruka dakika chache bila nguvu ya kujivunia, na wenye injini za glo walicheka.

Kicheko kilikoma kati ya mwaka 2000 na 2010. Betri za lithiamu, ambazo Sony ilizitoa kibiashara mwaka 1991 kwa ajili ya vifaa vya elektroniki, zilipata umbo la bapa la polima lenye volti 3.7 kwa seli na wepesi wa ajabu. Mota zisizo na kaboni, zenye sumaku za neodimiamu, zikashuka bei. Na kidhibiti cha kielektroniki cha kuziendesha kikawa kidogo kama kiberiti. Nishati ya betri kwa kilo bado ni ndogo mno ukilinganisha na methanoli, hilo halijabadilika hadi leo. Lakini mota haipotezi joto kama injini, na mrukaji wa burudani anahitaji dakika nane au kumi tu kabla shingo haijamuuma. Kwa muda huo betri ilitosha.

Kilichofuata ni sehemu ya biashara. Wauzaji wa Hong Kong, maarufu zaidi wakiwa HobbyKing, walianza kumuuzia mteja wa mwisho moja kwa moja kwa mtandao. Betri, mota na kidhibiti vilitoka viwanda vya China na kuingia kwenye bahasha ya posta bila kupita kwa mwagizaji, wala msambazaji, wala duka. Mteja wa Ohio alilipa bei ambayo mwenye duka wa mji wake hakuipata hata kwa jumla. Na betri moja hujazwa tena mara nyingi, mamia ya mara kwa mwenye kuitunza. Yule mteja wa kila wiki tatu akageuka mteja wa kila miaka miwili, naye ananunua Hong Kong.

Ndege yenyewe nayo ilibadilika. Injini ya mipigo miwili hutetemesha, na eksozi yake hutema oili mwili mzima wa ndege, hivyo ilihitaji ndege ya mbao iliyopakwa rangi isiyolainishwa na mafuta. Mota ya umeme ni tulivu na safi, inakubali ndege ya povu. Povu humwagwa kwenye kalibu kwa dakika, mbao hujengwa kwa wiki. Kijana aliyeanza hobi hii mwaka 2010 huenda hajawahi kushika wembe wa kukatia balsa.

Kelele nazo zilichangia. Nchini Uingereza mwongozo wa serikali wa mwaka 1982 uliweka kikomo cha desibeli 82 kwa umbali wa mita 7, na kila mji ulipopanuka kuelekea viwanja vya kurushia, majirani wapya walipata cha kulalamikia. Klabu nyingi zilikubali umeme ili zisifukuzwe uwanjani.

Kutoka juu nako kukawa na mshindani. Injini ndogo za petroli, nyingi zikiwa na asili ya misumeno ya kukatia miti, zilishika ndege kubwa za kuanzia sentimita za ujazo 20. Hizo hunywa kidogo, na mafuta yake unanunua kituoni kwa bei ya kila mtu. Ndege ndogo zikaenda kwa betri, kubwa zikaenda kwa petroli, na injini ya glo ikabaki katikati kama abiria aliyeshuka basi si lake.

Ya Champaign

Mji wa Champaign katika jimbo la Illinois ulikuwa na wasambazaji wawili wakubwa wa vifaa hivi nchini Marekani, Hobbico na Horizon Hobby. Hobbico ilimilikiwa na wafanyakazi wake wenyewe kupitia mpango wa hisa, na ndiyo iliyosambaza injini za O.S. za Osaka, jina kubwa kuliko yote katika fani hii tangu kampuni hiyo ilipoanzishwa mwaka 1936. Mnamo Januari 2018 Hobbico iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Mwaka huo huo mali zake ziligawanywa: chapa nyingi za vyombo vya rimoti zilikwenda kwa jirani yake Horizon, na kampuni ya Revell ya Ujerumani, ambayo Hobbico iliinunua mwaka 2012, ilichukuliwa na wawekezaji wa Munich.

Ni makosa kuibebesha injini ya glo lawama yote. Kulikuwa na madeni, kulikuwa na wimbi la droni lililopanda na kushuka haraka, kulikuwa na mauzo ya mtandaoni. Lakini msambazaji aliyejengwa juu ya maghala makubwa, maduka mengi madogo na bidhaa za kurudiwa kununuliwa alikuwa amepoteza bidhaa ya kurudiwa. Wafanyakazi walioweka akiba ya uzeeni katika hisa za kampuni ndio waliobaki na karatasi.

Asilimia ya ujazo na asilimia ya uzito

Sheria haikuiua injini hii, ila iliikuta imelala ikaiongezea blanketi. Nitromethini ilitumika katika bomu la Oklahoma City mwaka 1995, na tangu hapo mataifa yanaiangalia kwa makini. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni namba 98 ya mwaka 2013, uliweka kikomo cha asilimia 30 kwa mtu wa kawaida asiye na kibali. Kanuni mpya namba 1148 ya mwaka 2019, iliyoanza kutumika tarehe 1 Februari 2021, imeshusha kikomo hadi asilimia 16.

Kwa haraka mtu atasema mafuta ya asilimia 15 yamepona. Hayakupona, na hapa mwagizaji asiyesoma vizuri anaweza kukamatiwa mzigo. Sheria inapima kwa uzito, wakati lebo za madumu kwa kawaida hupima kwa ujazo. Nitromethini ina uzito wa kilo 1.14 kwa lita, methanoli kilo 0.79. Ukipiga hesabu ya mchanganyiko wenye asilimia 20 ya oili, asilimia 15 ya nitromethini kwa ujazo inakuwa karibu asilimia 19 na nusu kwa uzito. Kikomo halisi kinaangukia kwenye asilimia 12 hivi ya ujazo. Dumu ambalo ni halali upande mmoja wa mpaka linakuwa kosa upande wa pili bila hata tone moja kubadilishwa. Wanaosafirisha viuatilifu na tindikali katika ukanda wetu wanaujua mchezo huu wa vipimo.

Hatari yahamia kwenye kasha jingine

Sasa turudi kwa wasafirishaji. Dumu la methanoli lilikuwa hatari inayojulikana: lina harufu, lina alama ya moto, hakuna mpakiaji aliyelichukulia kama unga wa ngano. Pakiti ya betri inaonekana kama sabuni. Kwa miaka kadhaa ilisafiri hivyo hivyo, nyingine bila tamko lolote.

Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS, Boeing 747-400, iliondoka Dubai kuelekea Cologne nchini Ujerumani. Takribani dakika 22 baadaye marubani waliripoti moto katika shehena, wakajaribu kurudi, moshi ukajaa chumba chao hata wasione vipimo. Ndege ilianguka ndani ya Dubai na wote wawili walifariki. Ripoti ya uchunguzi ilieleza kwamba ilibeba betri nyingi za lithiamu, na kwamba angalau mizigo mitatu ilikuwa na betri zilizostahili kutangazwa kuwa bidhaa hatari za daraja la 9 lakini haikutangazwa. Dubai ndiko wafanyabiashara wengi wa Kariakoo, Eastleigh na Kampala wanakochukulia simu na betri zao. Njia ni ile ile.

Kanuni zikaja. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2016 betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake, nambari UN3480, zilipigwa marufuku kuwa shehena katika ndege za abiria. Kwenye ndege za mizigo zinatakiwa ziwe na chaji isiyozidi asilimia 30. Kuanzia tarehe 1 Januari 2026 sharti hilo la asilimia 30 limepanuliwa pia kwa betri zinazofungwa kasha moja pamoja na kifaa chake, nambari UN3481, isipokuwa zile ndogo sana. Kikomo cha kuangalia ni saa-wati 100. Pakiti ya seli tatu ya miliampia-saa 2,200 ina saa-wati 24 tu. Pakiti ya seli sita ya 5,000, inayoendesha ndege ya ukubwa ambao zamani ungetiwa injini ya 0.60 au zaidi, ina 111, na hapo karatasi, alama na gharama zinabadilika kabisa.

Kwa hiyo ukuta ulirudi, safari hii upande wa betri. Ila ulirudi baada ya maduka kufungwa. Waliofaidika nao ni wauzaji wakubwa wenye maghala ndani ya Marekani na Ulaya, ambao huleta betri kwa kontena baharini na kuzisambaza kwa barabara. Mlango wa vifurushi vidogo nao umebanwa: Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa vifurushi vya chini ya euro 22 kuanzia Julai 2021, na Marekani ilifuta msamaha wake wa dola 800 kwa bidhaa za China na Hong Kong tarehe 2 Mei 2025, kisha kwa nchi zote tarehe 29 Agosti mwaka huo.

Kuna na hesabu ya nafasi, ambayo mwenye lori ataipenda. Injini ilikuwa bidhaa ya ndoto kwa msafirishaji: nzito, ndogo, ghali, haiozi. Ndege ya povu ni kinyume chake. Kasha la sentimita 110 kwa 40 kwa 25 linaweza kuwa na kilo tatu ndani, lakini kwa kanuni ya shehena ya anga ya kugawanya kwa 6,000 linalipiwa kama kilo 18. Unasafirisha hewa. Aliyekuwa akipata faida katika sanduku moja la injini kumi na mbili sasa anahitaji nusu ya kontena kupata kiasi kile kile.

Kwetu injini gani inafuata

Ndege za betri zilizotokana na ujuzi huu tayari zinafanya kazi katika ukanda wetu. Tangu Oktoba 2016 kampuni ya Zipline inapeleka damu hospitalini nchini Rwanda kwa vindege vyenye mota za umeme, na hakuna aliyewahi kufikiria kuvitia injini ya glo.

Linalogusa mfuko zaidi ni pikipiki. Serikali ya Rwanda ilitangaza mwaka 2024 kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zitakazosajiliwa Kigali ziwe za umeme tu. Nairobi nako pikipiki za kubadilishiwa betri zinaonekana barabarani kila siku. Tazama duka la spea za bodaboda popote pale: oili, plagi, pete za pistoni, kabureta, klachi, filta. Karibu vyote ni bidhaa za kurudiwa, ni miruko 16 kwa galoni kwa sura nyingine. Tairi, breki na balbu zitabaki, na mnyororo kwa baadhi ya aina. Lakini nishati, ambayo dereva huinunua kila siku, inahamia kwa mwenye kituo cha kubadilisha betri, na huyo mara nyingi ndiye mwenye betri yenyewe. Dereva hanunui betri dukani hata akitaka.

Tofauti ipo na isifichwe. Hobi ni starehe, mtu huacha injini nzuri kwa sababu tu imemchafua nguo. Bodaboda ni ugali, na pikipiki ya petroli iliyopo barabarani itatumika hadi ichoke, kisha itauzwa kijijini ambako umeme ni wa shida. Kwa hiyo kushuka kutakuwa kwa polepole zaidi kuliko kule Illinois, na spea zitaendelea kutoka miaka mingi. Tatizo ni kwa anayeagiza kontena leo kwa mkopo akitegemea mauzo ya mwaka juzi. Huko Marekani hawakufilisika wale waliouza injini ya mwisho, walifilisika waliokuwa na ghala limejaa wakati bei ilipoanguka.

Waliobaki na wanachouza

Injini ya glo haijafa kabisa. Magari ya rimoti ya mashindano ya kipimo cha moja kwa nane bado yana daraja lake la nitro, na huko ndiko watengenezaji wanakopata riziki. Mashindano ya kasi ya kuzunguka nguzo chini ya shirikisho la kimataifa FAI yalizikumbatia kwa muda mrefu, kwa mafuta ya kawaida ya asilimia 80 methanoli na 20 mafuta ya nyonyo, bila nitromethini. Wako pia wazee wa kurusha ndege kwa waya mbili, ndege ikizunguka duara na mrushaji akizunguka nayo. Majina ya Kijapani kama O.S. na Saito bado yapo, ingawa orodha ya injini zao za ndege ni fupi kuliko zamani, na Saito wamesogea sana upande wa petroli.

Mfano wa kuangaliwa ni Cox, kampuni ya Kimarekani iliyouza injini ndogo za inchi 0.049, chini ya sentimita moja ya ujazo, kwa watoto wa vizazi viwili. Mwaka 2009 wenye chapa hiyo wakati huo walisimamisha uzalishaji na kuuza shehena yote iliyobaki, nyingi ikiwa spea, kwa wanunuzi binafsi wa Marekani na Kanada. Mmoja wao alifungua duka la mtandaoni. Injini zilizokuwa mikononi mwa watu zilikuwa nyingi mno kiasi kwamba mwenye gasketi, plagi na pistoni alikuwa na soko la kudumu, na mzigo wake unaingia kwenye bahasha.

Injini zilizotumika nazo zina soko, hasa kwa wenye kujua kuzisoma. Mafuta ya nyonyo yakikaa miaka ndani ya injini hugeuka gundi, na pistoni inagoma kabisa. Mtu asiyejua huitupa kwenye chuma chakavu. Anayejua huipasha moto wa wastani, gundi inalainika, injini inazunguka, na baada ya kusafishwa huuzwa kwa bei nzuri. Kwa anayetaka kusafirisha vitu hivyo kwa ndege, jambo la kuangalia ni mabaki ya mafuta: injini yenye methanoli ndani huhesabiwa kuwa bidhaa hatari ya daraja la 3 chini ya nambari UN3528. Imwagwe, ikaushwe, na maneno hayo yaandikwe kwenye ankara kabla wakala wa shirika la ndege hajauliza.